Vibao Arobaini vya "Sijui"

Espérance, mwenzangu wa miaka mingi kazini, ameniomba niandike haya kabla sijasahau. Amenichokoza, na anajua kwamba amenichokoza, maana kosa kubwa la maisha yangu ya kazi lilianza siku nilipojigamba mbele yake kwamba mimi sisahau. Wiki iliyopita nilirudisha viatu vya kampuni, glavu, na ufunguo wa chumba cha baridi. Kisu sikurudisha. Kisu ni changu, na nitawaeleza nilivyokipata, ingawa hadithi yenyewe hainipi sifa.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye miche. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa kuwa vyangu vinamalizika kusimuliwa kabla chai haijapoa. Nitasema juu ya kazi.

Nilizaliwa kwenye nyanda za juu za Kivu Kusini, kwa watu wa ng'ombe. Sekondari nilimaliza, na kwa muda mrefu nilidhani cheti kile kilikuwa kitu. Tulipofika Louisville, mimi, mke wangu Mama Neema na watoto wanne, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ghalani kule Okolona, kupanga maboksi. Nilidumu miezi minane. Hakuna aliyenifukuza ila mgongo wangu. Ndipo mtu mmoja wa kanisani akaniambia kuna shamba la miche nje ya mji linalotafuta watu wasioogopa baridi. Nikamwambia, "Baridi? Baridi mimi naijua, nimechunga milima ya Itombwe." Hilo ndilo neno la kwanza la kijinga nililosema katika kazi hii, na nililisema kabla hata sijaajiriwa.

Shamba lile lilikuwa la miti ya jozi, ya chestnati, na hasa ya pekani. Kwa jamaa zenu ambao hawajawahi kuiona: pekani ni tunda refu lenye ganda jembamba la kahawia, na ndani yake mna kokwa yenye mafuta, tamu kuliko karanga. Ni mti wa watu wa kusini, wa joto. Kampuni yetu ilijitwika kazi ya kuupeleka kaskazini, ambako hautaki kwenda. Nilielewana nao mapema.

Mkuu wa kubebesha miche alikuwa mzee wa Kimarekani aitwaye Dale, mrefu, mkimya, mwenye kofia iliyokuwa na umri wa mtoto wangu wa kwanza. Siku yangu ya kwanza alinipeleka chumba cha baridi, akanionyesha mifuko ya mbegu iliyofukiwa kwenye maranda mabichi, akaniambia niilinde. Kisha akaenda kula. Nikaingiwa na huruma. Kwetu ndama mchanga akipigwa na baridi humwachi nje, unamwingiza ndani karibu na moto. Nikaibeba mifuko yote sita, nikaipanga kando ya jiko la kuni katika karakana, nikaketi nikijisifu. Dale aliporudi alisimama mlangoni.

"Simon," akasema, "umezifanyia nini mbegu zangu?"

"Nimezipasha joto, bosi. Zilikuwa zinakufa."

"Zilikuwa zinalala. Mbegu hii isipoionja baridi kwanza, haijui kwamba kipupwe kimepita, na haioti. Rudisha. Na usiniite bosi."

Nilirudisha. Nusu ya mfuko mmoja ilikuwa imeshaanza kuingia ukungu kufikia wiki iliyofuata, na Dale aliuweka mfuko huo mezani kwake mwezi mzima bila kusema neno. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifundisha.

Kubebesha alinifundisha kwa miaka miwili. Ninyi mnajua, lakini niseme kwa ajili ya atakayesoma bila kujua. Mti wa pekani ukiupanda kwa mbegu haufanani na mama yake. Mama atazaa tunda kubwa tamu, mtoto atazaa kitu cha kumtupia kindi. Ukitaka mti uleule, unakata kijiti cha mama wakati wa baridi kali, kijiti hicho tunakiita kikonyo, unakihifadhi kwenye unyevu na ubaridi, na majani yakianza kutoka unakichomeka chini ya gome la mche mwingine, unafunga kwa utepe, unaziba hewa. Kikishika, mizizi ni ya mgeni lakini kichwa ni cha mama. Chumba cha baridi kikijaa tulikwenda na vikonyo nyumbani. Mama Neema alivumilia mengi, ila siku alipokuta mafungu manne kwenye friji yake, juu ya majani yake ya muhogo, aliniita kwa sauti ya hatari: "Baba Neema, chagua. Hii miti, ama sombe." Vikonyo vikahamia sanduku la barafu barazani.

Dale alizungumza kwa urefu juu ya jambo moja tu, nalo ni namna miti hii ilivyofika kaskazini. Tulipokuwa tukifunga utepe, mikono ikienda, ndipo kinywa chake kilipofunguka. Alisema watu wa asili wa nchi hii walizila pekani kandokando ya mito tangu zamani, na kwamba walowezi walipozipenda walibeba mbegu za kusini na kuzipanda katika baridi, na baridi ikaziua. Wakabeba tena, zikafa tena. Hata mti uliopona ulikuta majira ya joto ni mafupi, ganda linakua lakini ndani hamna kitu. "Basi watu wakaacha kubeba, wakaanza kutafuta," alisema. Wakulima, wachungaji wa kanisa, waganga wa vijijini, watu wasio na kazi za maana, walianza kuandikiana barua: nani ana mti uani kwake unaokomaa mapema? Zikatumwa kokwa katika bahasha. Wakakusanyika mezani, wakazipasua, wakaonja, wakabishana. Mti ulioshinda ulikatwa vikonyo, vikagawanywa kwa posta.

"Hakuna aliyeuumba," Dale alisema. "Kila mti mzuri wa kaskazini ni mti ambao mtu aliuona kando ya ua, akaandika jina lake, akampa mwenzake. Likipotea jina, umerudi mwanzo."

Kwa hiyo kila kikonyo kilikuwa na kibao chake, kipande cha bati laini unachokiandika kwa kukikandamiza kwa msumari, hata mvua haikifuti. Nami niliona kazi hiyo ni ya watu wasio na kichwa.

Sikilizeni, nijitetee kidogo, kisha nitaacha. Kwa baba yangu ng'ombe hawakuandikwa popote. Ulimjua kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo, kwa mama yake na mama wa mama yake. Bihogo alikuwa Bihogo hata kwenye ukungu. Mtoto wa miaka saba aliyeshindwa kumtenganisha na binti yake alichekwa na ukoo mzima, na mimi sikuwahi kuchekwa. Nilipoitazama miche niliiona kama zizi. Gome la huyu lina wekundu, macho ya yule yamekaa pembeni. Nilianza hata kuipa majina ya ng'ombe wetu.

Kampuni ilipofungua shamba la pili nje ya Columbus nilipelekwa huko, na Espérance akaajiriwa mwaka huohuo. Ni mtu wa Bukavu, wakati ule mama wa watoto wawili, mwenye mdomo mnaoujua. Mwisho wa kipupwe cha kwanza, Dale alifika mwenyewe kwa gari kutoka Louisville, ameshika fungu dogo la vikonyo, amelifunga kwa kitambaa kilicholowa kama mtu aliyebeba kichanga.

Alikuwa ametafuta maisha yake yote pekani itakayokomaa hadi Buffalo, alikozaliwa. Hatimaye aliiona moja, kwenye ukingo wa mto, nyuma ya ua wa mkulima, ikiangusha matunda yaliyojaa wakati majirani zake bado kijani. Alikusanya chupa nzima ya matunda yake. Aliporudi kukata vikonyo vingi, mkulima alikuwa ameuangusha mti ili apanue njia ya matrekta. Katika matawi yaliyolala chini Dale aliokoa kile kifungu, basi. Mama hakuwepo tena.

"Hivi ndivyo vilivyobaki duniani," aliniambia. "Mkono wako sasa umetulia kuliko wangu. Bebesha wewe."

Vilitosha miche sita. Nikavibebesha pamoja na aina nyingine mbili za kawaida, jumla vyungu arobaini vilivyoshika. Na vibao nikaviacha kwenye kopo.

"Muzee," Espérance akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa, "donc hii yote utaijua kwa macho?"

"Huyu ni Gaju, huyu Bihogo. Wale sita wa Dale unawaona? Gome lao lina kijivu."

"Mi naona miti."

"Kwa sababu hukuchunga."

"Ni kweli, sikuchungaka. Njo maana mi ningeandika."

Majira yote ya joto niliijua. Sikuwa na shaka hata siku moja. Kisha mwezi wa kumi, mchana mmoja, likatoka tangazo kwamba jalidi itashuka mapema, ule umande unaoganda na kuunguza miche michanga. Sote tukakimbia. Watu wanane, mikokoteni minne, kila mtu anabeba anachokifikia na kukisukuma ndani ya banda la plastiki. Kufikia jioni vyungu vyote vilikuwa salama. Asubuhi niliingia bandani na chai yangu mkononi kuwaamkia ng'ombe wangu. Majani yalikuwa yamepukutika. Vijiti arobaini, vyote vya kijivu.

Ng'ombe ukimpoteza, ukimwita anageuka. Niliita moyoni. Hakuna aliyegeuka.

Hapo ndipo nilipopaswa kumpigia Dale simu. Espérance aliniambia nipige. Alisema, "Muzee, bon, mambo imeharibika, lakini sema leo. Kesho itakuwa uongo." Nilimjibu kwamba zitakapotoa majani nitazitambua. Zilitoa majani. Majani ya pekani, wapendwa, yanafanana na majani ya pekani. Na Dale alikuwa anakuja kuchukua mche wake, kwa maana alikuwa anastaafu na kurudi Buffalo, kwenye nyumba ya bintiye Carol kule Black Rock. Siku moja kabla hajafika nikachukua msumari na vibao sita, nikachagua miche sita iliyoonekana na afya, nikaandika juu ya kila kimoja "Pekani ya Dale". Mwandiko wangu ni mzuri, nilisomea.

Alipopokea mche wake alisoma kibao kwanza. Alitabasamu. "Umejifunza kuandika," akasema. Kisha akatoa mfukoni kisu chake cha kubebeshea, chenye makali upande mmoja tu na mpini uliochakaa kwa kidole gumba chake, akanipa. Nilipokea kisu cha kweli, nikatoa mti wa uongo. Espérance alikuwa amesimama nyuma ya vyungu na hakunitazama siku tatu.

Miaka ikapita. Kampuni ikachukua kipande cha ardhi kusini mwa Lackawanna, karibu na Buffalo, kujaribu miti kwenye baridi ya ziwa, na mimi na Espérance tukahamishiwa huko pamoja na ile thelathini na tisa iliyobaki. Ndivyo nilivyokwenda kaskazini, Louisville, Columbus, Buffalo, hatua kwa hatua kama pekani, na kila hatua nikiwa na majani machache zaidi kichwani. Jumamosi nyingi nilipita Black Rock kumsalimu Dale. Mti wake ulikua mbele ya dirisha. Alikuwa akiuelekeza kwa fimbo na kuwaambia wapita njia kwamba mama yake alikatwa na kwamba ndio huu umebaki. Mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa.

Mwaka mti ulipozaa mara ya kwanza aliniita. Tuliketi jikoni, Carol akatuwekea bakuli na nyundo. Dale akapasua la kwanza. Tupu, ngozi nyeusi iliyosinyaa. La pili, la tatu, tupu. Akaleta ile chupa ya matunda ya mama, akaweka moja kando ya mapya. La mama lilikuwa fupi, lenye bega moja lililolala, na michirizi myeusi kichwani kama mtu aliyelishika na vidole vya masizi. Haya mapya yalikuwa marefu, membamba, safi. Hata kipofu angejua.

Dale alitazama sana. Kisha akasema, "Mti mchanga mara nyingi huzaa matunda ya ajabu. Udongo pia ni mwingine."

"Baba," Carol akasema, "hayafanani kabisa."

"Macho yanadanganya, Carol. Kibao kinasema ndio wenyewe. Simon ndiye aliyekiandika."

Nilikunywa kahawa yangu, nikaaga, nikaondoka. Nilificha mwaka mzima. Sina la kuongeza juu ya mwaka huo, ila kwamba kanisani nilikuwa mzee wa baraza na nilifundisha vijana kuhusu ukweli.

Msimu uliofuata matunda yalikuwa tupu tena, na safari hii Dale alianza kusema labda alikosea yeye, labda ule mti wa mtoni haukuwa chochote, labda alizeeka akaona alichotaka kuona. Hilo sikulimudu. Mtu anaweza kuiba mti wa mwenzake, lakini mimi nilikuwa namwibia macho yake. Nikamwambia yote, kuanzia kopo la vibao hadi msumari.

Hakupiga kelele. Aliweka nyundo mezani. Kisha akauliza, "Iko mingapi shambani?"

"Thelathini na tisa."

"Na huu, arobaini. Umekata wowote?"

"Hapana."

"Usikate. Hata ulio mbaya. Hasa ulio mbaya, maana hujui. Kesho uondoe vibao vyote, na kwenye kila mti uandike unachokijua."

"Sijui kitu, Dale."

"Basi andika hivyo."

Nilidhani atasema kwamba amenisamehe. Hakusema. Alinifungulia mlango.

Nikaandika vibao arobaini, kila kimoja nambari na neno "Sijui". Espérance alishikilia kopo, akanisomea nambari bila kucheka hadi tulipofika kumi na saba. "Muzee," akasema, "bon, hii ya kumi na saba iko Gaju ama Bihogo?" Tukacheka wote wawili, mimi nikiwa na machozi. Cha arobaini nilikipeleka Black Rock nikakifunga mwenyewe, Dale akinitazama dirishani.

Alikaa miaka mitatu mingine. Kila vuli nilimpelekea matunda katika mifuko yenye nambari, yeye akapasua. Tupu, tupu, nusu, tupu. Alinipokea, alinipa kahawa, tuliongea juu ya udongo. Kipupwe cha mwisho alilala akiwa na daftari la nambari zangu kando ya kitanda, na hakuamka. Kati ya miti arobaini, kumi na moja ilikuwa imeshakufa kwa baridi. Nilikuwa na hakika kwamba ile sita imo humo.

Vuli iliyopita, kabla ya jalidi ya kwanza, Espérance aliniita kutoka nyuma ya choo cha shamba. Pale palikuwa na nambari ishirini na tatu, mti uliopinda ambao haukuwa umewahi kuzaa, na ambao nilikuwa nimeufunga waya wa kuanikia makoti ya mvua kwa miaka yote hiyo kwa sababu, kwa macho yangu ya mchungaji, haukuwa na heri. Chini yake nyasi zilijaa matunda yaliyofunguka yenyewe. Mafupi. Bega moja limelala. Vidole vya masizi kichwani.

Espérance alipasua moja kwa meno, jambo ambalo nimewakataza nyote. Akatafuna polepole. "Imejaa, muzee," akasema. "Imejaa kabisa."

Nikafungua waya wa makoti. Ulikuwa umeanza kumezwa na gome, na alama itabaki. Jumamosi nikaenda Black Rock na mfuko, Carol akaleta chupa ya baba yake, tukayaweka pamoja mezani pale pale. Yalikuwa yale yale. Carol akauliza, "Kwa hiyo ule mti wa mbele niukate?"

"Hapana," nikamwambia. "Mizizi yake haina kosa."

Mwisho wa kipupwe nilikata vikonyo vya ishirini na tatu, na mwezi wa tano, gome lilipolegea, Espérance na mimi tukapanda ngazi mbele ya dirisha la Dale. Tulikata kichwa cha mti ule wa uongo, matawi matano mazito, na katika kila tawi nikachomeka kikonyo kwa kisu cha Dale mwenyewe. Mkono wangu sasa haukutulia kama zamani, la tatu na la tano alinifungia Espérance. Kisha nikafunga chini ya shina kibao kipya: "Kichwa, Pekani ya Dale, kutoka nambari ishirini na tatu. Shina, sijui." Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kwa kampuni, ingawa kampuni haikunituma. Kuzaa, utachukua miaka, na mimi nina sabini.

Juzi nilipita kuutazama. Vinne kati ya vitano vimeshika, vina majani marefu kama mkono. Jirani mmoja mgeni, mama wa Kirundi aliyehamia mtaani karibuni, alisimama na mfuko wake wa sokoni akaniuliza kwa heshima, "Mzee wangu, huu ni mti gani?"

Nilifungua kinywa kumjibu. Nilikuwa nalo jibu, lilikuwa ulimini. Nikakifunga. Nikatoa miwani, nikapiga goti kwa shida, nikashika kibao kilichofungwa chini ya shina, nikamsomea.